Gari halivuti: historia ya lugha ya makanika ambayo haijaandikwa

Katika gereji za kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa, hapo Chepkoilel karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret, kuna sentensi fupi ambayo wenye magari huitamka hata kabla ya kuzima injini: "Fundi, gari haivuti." Mwalimu wa sarufi atakimbilia kusahihisha. Gari limo katika ngeli ya LI-YA, atasema, kwa hivyo ni gari halivuti. Sawa, hatutabishana. Ila naomba leo tuitazame sentensi yenyewe, maana imebeba historia ya takriban miaka mia moja, na ndani ya historia hiyo mna maarifa ambayo Kiswahili kimeyahifadhi mdomoni bila kuyatia kwenye karatasi.

Kwanza tuelewane kuhusu maana. Gari lisilovuta halijakufa. Linawaka, linatembea, na barabarani unaweza kulidhania zima. Kasoro huonekana unapolidai nguvu. Unakanyaga mafuta, injini inaunguruma, lakini mwendo hauongezeki, au unaongezeka kwa kujikokota kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Kwenye tambarare ni kero tu. Kwenye mlima, ukiwa umeshajitosa kulipita lori huku basi linakuja mbele yako, ni suala la uhai. Ndiyo maana makanika wazuri hawaipuuzi sentensi hiyo, hata gari lenyewe likionekana zuri kiasi gani.

Wanafizikia wana istilahi ya jambo linalokosekana hapa: mchapuko. Ni istilahi nzuri, nami naitetea popote ninapopata nafasi. Imetokana na kitenzi cha kale, kuchapua, kama tunavyosema mtu amechapua miguu anapoharakisha mwendo. Ilisanifishwa pamoja na istilahi nyingine za kisayansi katika juhudi zilizofanywa Tanzania, ambazo zilituzalia, miongoni mwa vitabu vingine, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Lakini nenda gereji yoyote ya Chepkoilel useme gari lako lina upungufu wa mchapuko. Watakutazama, watazamane, kisha mmoja akuulize kwa upole, "Yaani haivuti?"

Hapo ndipo penye kisa chetu. Upande mmoja wa barabara kuna chuo kikuu kinachofundisha sayansi kwa Kiingereza. Upande mwingine kuna mafundi wanaotibu tatizo lile lile kwa Kiswahili. Na katikati kuna istilahi sanifu ambayo pande zote mbili haziitumii. Tumefikaje hapa?

Turudi nyuma. Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Afrika Kusini walipanda nyanda za Uasin Gishu wakiwa na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba lililojulikana kwa nambari yake, 64. Wenyeji wakaisikia nambari hiyo ya Kiingereza, wakaitia kinywani mwao na kuitoa kama Sisibo. Jina rasmi la Eldoret lilikuja mwaka 1912, lakini Sisibo halikufa. Wazee wanalitumia hadi leo. Ninalitaja kwa sababu lina funzo: watu wa hapa wamezoea kulichukua neno la mgeni na kulifanya lao bila kumwomba mtu kibali.

Reli haikufika Eldoret hadi mwaka 1924. Kabla ya hapo mizigo ilipandishwa kutoka kituo cha Londiani kwa magari ya ng'ombe, na wakati wa masika matope yaliyameza magurudumu. Sasa angalia neno gari. Tulilipata kutoka Bara Hindi, na mwanzoni lilikuwa jina la chombo chochote chenye magurudumu. Ndiyo maana tuna gari la ng'ombe, gari la moshi na gari la farasi. Katika gari la ng'ombe, anayevuta ni ng'ombe, gari lenyewe huvutwa. Motokaa ilipoingia, ng'ombe aliondoka lakini kitenzi kikabaki. Gari likawa ndilo linalovuta. Nathubutu kusema kwamba tunaposema gari halivuti, bado tunazungumzia ng'ombe aliyechoka njiani. Tofauti ni kwamba siku hizi amefichwa chini ya boneti.

Lakini kuna sababu nyingine inayoifanya sentensi hii iwe ya nyumbani Eldoret kuliko Mombasa, nayo haihusu lugha. Inahusu hewa.

Injini huchoma mafuta kwa kuyachanganya na hewa. Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja kwa tano. Kila pistoni inapoteremka kunyonya, hupata pumzi pungufu. Injini isiyo na tabo, ambayo Mombasa inatoa nguvu za farasi 100, hapa hutoa kama 80 hivi, na hakuna fundi wa kulaumiwa. Lori linalotoka bandarini kwenda Uganda linaanza safari kwenye usawa wa bahari, linapita Nakuru, kisha linapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kabla ya kuteremkia Eldoret. Kwa safari moja dereva ameiendesha injini ile ile katika hewa tatu au nne tofauti.

Enzi za kabureta tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Kabureta hupima mafuta kwa kufuata ujazo wa hewa inayopita, haijui kwamba hewa hiyo ni nyepesi. Basi gari lililosetiwa Mombasa likifika hapa hupewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi, gari linakula mafuta na bado halivuti. Fundi wa nyanda za juu alijifunza mapema kubadilisha jeti, yaani kale kaskurubu kenye kitundu ndani ya kabureta, atie yenye kitundu chembamba zaidi. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa mtihani wa jambo hilo hilo, maana washindani walipaswa kuchagua usetaji ambao ungewavusha kutoka joto la nchi za chini hadi baridi ya milimani bila kukwama.

Na mafundi hao wa mwanzo waliipata wapi lugha yao? Naona vyanzo vitatu.

Cha kwanza ni mashamba ya walowezi. Uasin Gishu ilikuwa nchi ya ngano na mahindi, na trekta zilihitaji watu wa kuzitunza. Chepkoilel yenyewe ina asili hiyo: mahali palipo chuo kikuu leo palianzishwa mwaka 1946 kama kituo cha mafunzo kwa wakulima wa mashamba makubwa, pakawa chuo cha walimu mwaka 1984, kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1990, na Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Mlowezi na mfanyakazi wake walizungumza Kiswahili cha bara kilichovunjwavunjwa, ambacho wataalamu wamekiita Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili hicho kwa ajili ya wanajeshi, walowezi, wachimba madini na wafanyabiashara. Kilikuwa Kiswahili cha amri zaidi kuliko cha mazungumzo. Lakini mtu anayeamriwa kutengeneza trekta hawezi kuitengeneza kwa kuamriwa tu, lazima aeleze kilichoharibika. Hapo ndipo mfanyakazi alipolazimika kutunga lugha ambayo bwana wake hakuwa nayo.

Chanzo cha pili ni jeshi. Katika Vita Vikuu vya Pili, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha askari wa Afrika Mashariki waliotoka makabila mengi, na maelfu yao walifundishwa udereva na ufundi. Waliporudi makwao baada ya mwaka 1945, walirudi na spana pamoja na misamiati yake.

Cha tatu ni gereji za Wahindi. Mafundi wengi wa Kisikh walikuja na ujenzi wa reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, na vizazi vilivyofuata viliingia katika magari. Joginder Singh, aliyeshinda mashindano ya Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho, si mbali na hapa. Katika gereji kama hizo kijana Mwafrika aliingia kama wa kuosha vyuma, akaangalia, akashika spana, na baada ya miaka akatoka fundi. Alifundishwa kwa macho, kwa mkono, na kwa Kiswahili.

Ukiyachunguza maneno yaliyotokana na vyanzo hivi, unaona jambo la ajabu. Majina ya vyuma karibu yote ni ya kukopa: injini, pistoni, plagi, klachi, gia, breki, kabureta, gasketi. Usukani tumeutoa kwenye jahazi, na asili yake ni Kiarabu. Lakini vitenzi ni vyetu. Gari linakohoa. Linateleza. Limeshikwa. Limeziba. Linavuja. Limelala. Limechoka. Nomino zinakwambia kipuri cha kununua. Vitenzi vinakwambia gari linaumwa nini. Kwa maneno mengine, stoo ilijazwa na mgeni, lakini zahanati ni ya mwenyeji.

Niruhusu nikuonyeshe jinsi zahanati hiyo inavyofanya kazi, maana haya ndiyo niliyoyasikiliza kwa makini kuliko yote nilipokuwa nikizunguka gereji za huku. Gari likiletwa kwa shtaka la kutovuta, fundi wa jadi hafungui kitu. Anauliza: Linakataa lini? Likiwa baridi au likishapata moto? Mlimani tu au hata tambarare? Lilianza ghafla au polepole? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye gari anayeficha kwamba alipita kwenye maji jana anajiongezea gharama. Majibu yakishatoka, fundi huliweka gari katika mojawapo ya vitenzi.

Kama injini inapanda sauti lakini gari halifuati, basi klachi inateleza. Nguvu ipo, haifiki kwenye magurudumu. Hapa hata ukibadilisha plagi mia hutapata nafuu.

Kama gari likiachwa kwenye tambarare bila gia haliserereki, na baada ya safari fupi rimu moja ina moto wa kuunguza kidole, limeshikwa. Breki hazijaachia. Injini ni nzima ila inafanya kazi ya kukokota mzigo usioonekana.

Kama linatetema na kuruka mapigo, linakohoa, au kama wanavyosema vijana, "lina misi". Silinda moja haiwaki. Fundi wa zamani alichomoa waya za plagi mojamoja injini ikiwa inanguruma. Waya ikichomolewa na mlio usibadilike, mgonjwa amepatikana, kwa sababu silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo.

Kama linaenda vizuri polepole lakini linafifia ukilidai nguvu, hasa mlimani, lina njaa. Mafuta hayafiki ya kutosha. Utazame chujio la mafuta, kisha pampu.

Kama halipumui, angalia pande zote mbili za pumzi. Mbele kuna chujio la hewa, ambalo kwa vumbi la barabara za murami hujaa upesi. Nyuma kuna bomba la moshi, ambalo likiziba, injini inashindwa kutoa pumzi chafu na hivyo haina nafasi ya kuvuta safi.

Na kama limechoka, hiyo ndiyo habari mbaya. Mgandamizo ndani ya silinda umepungua. Fundi hupima kwa geji, kisha hutia oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika, maana oili imeziba mwanya kwa muda. Kisipopanda, shida huenda iko kwenye vali au gasketi ya hedi.

Juu ya hayo yote kuna moshi, na dalili ya mvua ni mawingu. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji ya rejeta yaliyoingia ndani.

Angalia mpangilio huo, msomaji. Unaanza na maswali, ambayo ni ya bure, unapitia kwenye vitu vya bei nafuu, unaishia kwenye injini kufunguliwa. Hiyo ni mantiki ya uchunguzi kamili, na inaweza kusomeshwa darasani bila kuongezwa chumvi. Lakini hutaikuta katika kamusi yoyote ya Kiswahili ninayoifahamu. Kamusi itakueleza kwamba kukohoa ni kutoa pumzi kwa nguvu kooni, na itanyamaza hapo.

Si kwamba taifa halikuwaona mafundi hawa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliueleza ulimwengu kwamba sekta isiyo rasmi ni uchumi halisi wenye ubunifu. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1992, serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogondogo, na maneno "Jua Kali" yakaingia katika kichwa cha waraka huo ulioandikwa kwa Kiingereza. Ni heshima kubwa kwa maneno mawili ya Kiswahili. Lakini serikali ilichukua jina la kibanda, ikaacha yaliyosemwa ndani yake. Mafunzo katika vyuo vya ufundi yakaendelea kwa Kiingereza, na kijana aliyejua kulitambua gari lililoshikwa kwa kugusa rimu alihesabiwa kuwa hajasoma.

Kisha magari yenyewe yakabadilika. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari ya mitumba kutoka Japani yalimiminika, na baadaye sheria ikaweka kikomo cha umri wa miaka minane kwa gari linaloingizwa nchini. Magari haya hayana kabureta. Kompyuta ndiyo inayopima hewa, inaamua mafuta, na inajua hata kwamba imepanda Timboroa. Mengine yanamsalimia dereva kwa Kijapani kila anapoyawasha, naye amezoea salamu ambayo haelewi hata neno moja.

Kompyuta hizo pia hukumbuka makosa. Marekani iliyalazimisha magari yake yote mapya kuwa na mfumo mmoja wa kusoma makosa hayo kuanzia mwaka 1996, na mifumo ya namna hiyo ikaenea duniani. Leo kijana wa gereji huchomeka kifaa kidogo chini ya usukani, naye husomewa msimbo: P0300, P0171, P0420. Kazi iliyomchukua mzee nusu saa ya kusikiliza, yeye anaimaliza kabla chai haijapoa. Sina ugomvi na kifaa hicho. Ni kizuri, na anayekikataa atabaki nyuma.

Ugomvi wangu ni na namna kinavyosomwa. P0171 inasema hivi: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Basi. Haikwambii kwa nini. Huenda chujio la mafuta limeziba, pampu imedhoofika, sensa ya hewa imechafuka, au kuna mpira uliopasuka na kunyonya hewa ambayo haijapimwa. (Sensa, neno ambalo kwa Wakenya wengi bado ni la kuhesabu watu, limeanza kazi ya pili kimyakimya.) Msimbo ni dalili, sawa na moshi mweusi. Lakini kwa kuwa unakuja kwa Kiingereza na kwa mashine, unapokewa kama hukumu.

Mwalimu mmoja tunayefahamiana alifikwa na jambo hilo. Gari lake lilikuwa halivuti. Akaambiwa mashine imesema sensa. Akanunua sensa. Wiki moja baadaye msimbo ukarudi, akaambiwa anunue nyingine ya upande wa pili. Mwishowe alilipeleka kwa mzee mmoja ambaye hakuwa na kifaa chochote. Mzee akaomba boneti ifunguliwe, akasikiliza, akauliza kama gari hunyanyua mlio likisimama kwenye taa za barabarani. Kisha akapeleka mkono kwenye mpira wa hewa nyuma ya chujio na kuubonyeza. Mlio ukabadilika. Mpira ulikuwa na ufa. "Hii inavuta kando," akasema. Kando! Kwa neno hilo moja alikuwa ameueleza msimbo wa P0171 kwa ukamilifu kuliko walioununulia vipuri viwili.

Sikusimulia kisa hiki ili kumpandisha mzee na kumshusha kijana. Mzee huyo huyo hawezi kuisoma P0420, ambayo inahusu kichujio cha kusafisha moshi, kifaa ambacho katika ujana wake hakikuwa na maana hapa kwetu. Petroli iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa na risasi, na risasi hukiharibu kichujio hicho. Ni hadi mwanzoni mwa mwaka 2006 ambapo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Magari ya kisasa yana maradhi mapya, nayo yanahitaji maneno mapya. Hoja yangu ni kwamba kijana ana msimbo bila kitenzi, mzee ana kitenzi bila msimbo, na anayelipia pengo lililo kati yao ni mwenye gari.

Tena analipa mara mbili. Analipa kipuri kisichohitajika, na analipa kwa kunyamazishwa. Zamani mteja na fundi walishiriki lugha moja. Fundi akisema klachi inateleza, mteja angeweza kumwambia, "Nionyeshe," naye angeonyeshwa. Leo akiambiwa P0171, atauliza nini? Mtu asiyeweza kuuliza hawezi kukataa. Lugha ya uchunguzi ni ulinzi wa mnunuzi, hasa katika nchi ambayo hata mafuta yenyewe yamewahi kughushiwa kwa kuchanganywa na mafuta ya taa, kiasi cha serikali kuweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Petroli iliyochanganywa hivyo hugonga ndani ya injini na kulifanya gari zito. Kosa kama hilo huenda kifaa kisilitaje kwa jina, lakini swali la "Ulijaza mafuta wapi na lini?" linaweza kulifichua.

Kuna watakaosema kwamba magari si yetu, basi lugha yake isiwe yetu. Hoja hiyo haina miguu. Jahazi halikubuniwa na mtu mmoja wala taifa moja, na bado Waswahili walilijengea msamiati ambao wasomi wa dunia nzima huja kuuchota. Walichukua maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kireno, wakayatia ndani ya vitenzi vyao. Makanika wa nyanda za juu wamefanya kazi hiyo hiyo kwa motokaa. Tofauti ni kwamba ya mabaharia iliandikwa, na ya makanika inazikwa na wenyewe.

Ninapendekeza mambo mawili tu. La kwanza, idara za Kiswahili za vyuo vyetu ziwatume wanafunzi gerejini wakiwa na daftari, jinsi zinavyowatuma vijijini kukusanya vitendawili. Wasirudi na orodha ya vipuri, wengi wanaijua. Warudi na vitenzi na vipimo vyake: kitenzi hiki hutumika lini, na fundi hukithibitishaje? Mwanafunzi wa Chepkoilel hahitaji hata nauli.

La pili, katika vyuo vya ufundi mwanagenzi aruhusiwe kueleza uchunguzi wake kwa Kiswahili, kisha auhusishe na msimbo. P0300 ni gari linalokohoa. P0171 ni hewa nyingi au mafuta haba: je, linavuta kando, au lina njaa? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna budi kuonekana hata kwenye mikono yenye grisi.

Na wanaosanifisha istilahi nao wasogee karibu. Sitaki mchapuko ufutwe. Nataka mwanafunzi wa fizikia ajue kwamba mchapuko wa gari ni kile ambacho fundi huita kuvuta, na fundi ajue kwamba kuvuta kwake kunaweza kupimwa kwa mita na sekunde. Maneno hayo mawili yakikutanishwa katika ukurasa mmoja wa kitabu, kijana wa gereji atajua kwamba alichokuwa akikisema siku zote ni sayansi, na mteja wake atakuwa na swali la kuuliza kabla ya kufungua pochi.